Le Prince de Bel-Air mbele ya watoto wa leo: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Niliomba maswali kuhusu michezo ya familia tuliyokua nayo kwenye televisheni, nanyi karibu wote mkaandika kuhusu mmoja tu: Le Prince de Bel-Air (kwa Kiingereza The Fresh Prince of Bel-Air). Kwa wasioujua: Will, kijana wa West Philadelphia anayechezwa na Will Smith, anaingia kwenye ugomvi uwanjani, mama yake anaogopa, anamtuma Los Angeles akaishi kwa dada yake Vivian. Mume wa Vivian ni Philip Banks, yaani Tonton Phil, mwanasheria tajiri ambaye baadaye anakuwa jaji, na watoto wao ni Hilary, Carlton na Ashley. NBC ya Marekani iliuanza tarehe 10 Septemba 1990 ikaumaliza 20 Mei 1996, sehemu 148 kwa jumla. Sisi tuliupata kwa Kifaransa. Watoto wetu wanaupata kwenye fleshi na simu, sehemu zote zimechanganyika.

Yaya, jambo. Nimewaonyesha watoto wangu, wa miaka 14 na 11, mchezo ambao sisi tulikuwa tunaukimbilia tukitoka masomo. Pale tulipokuwa tunavunjika mbavu, wao wananyamaza. Mkubwa ananiuliza, “Mama, hawa watu wanacheka nini?” Kosa ni lao au ni langu? (Mama wa watoto wawili, Kampemba)

Hakuna mwenye kosa, mama. Angalia tena sehemu moja yoyote ya mwaka wa kwanza na usikilize vicheko vinatokea wapi. Tonton Phil anaingia, Will anataja tumbo lake, watu wanacheka. Anakaa kwenye kochi, tumbo tena. Anaomba chakula, tumbo mara ya tatu. Carlton akisimama, utani ni ufupi wake. Hilary akifungua mdomo, utani ni kwamba hana akili. Mchezo ulirekodiwa mbele ya watu waliokaa studioni, na kicheko cha wengi huvuta. Nasi huku tulivutwa. Mtoto wako hajavutwa, kwa sababu kila siku kwenye kundi la WhatsApp la darasa lake anaona mwenzake akichekwa kwa unene au kwa rangi, na anajua mwenzake huyo kesho yake anakosa masomo.

Kuna na wasichana. Will anamfuata msichana, msichana anakataa, Will anaongeza maneno, anakataliwa tena, na mwisho wa sehemu wanatoka pamoja. Mwaka 1990 huo ulikuwa ujanja. Binti wa miaka 14 anayevutwa mkono kila anapopita kwenye kituo cha teksi haoni ujanja hapo, na mimi naona ana haki kabisa. Usimlazimishe kucheka. Muulize ameona nini, utashangaa atakavyoeleza vizuri.

Ila wape Jazz. Huyo rafiki wa Will anayetupwa nje ya mlango na Tonton Phil, akiruka hewani na kupiga kelele, hajazeeka hata kidogo. Aliyemcheza ni DJ Jazzy Jeff, mwenzake Will Smith wa muziki. Wawili hao walipata tuzo ya Grammy ya rap mwaka 1989, kabla ya mchezo kuanza. Waambie watoto waangalie shati lake: picha ileile ya kutupwa ilitumika tena na tena, kwa hiyo Jazz akiingia na shati lile, jueni mapema kwamba atatoka kwa njia ya hewa. Wataanza kulisubiri.

Utotoni niliapa mbele ya darasa zima kwamba nyumba ile iko Bel-Air yetu hapa. Tafadhali, iko wapi? (Baba wa Bel-Air, commune Kampemba)

Hata Bel-Air ya Los Angeles haiko, baba. Nyumba inayoonekana kwa nje iko Brentwood, mtaa jirani. Sebule, ngazi na jiko vilijengwa studioni.

Mimi ni mwalimu. Kwa maoni yangu mchezo huu ndio uliowafundisha watoto wetu kujibizana na wakubwa. Utautetea? (Mwalimu, Kamalondo)

Nitautetea, mwalimu, na ninaanza na sehemu ya kwanza kabisa. Will ameharibu karamu ya wageni wa Tonton Phil kwa maneno na mavazi yake. Wageni wakishaondoka, wawili wanabaki sebuleni. Will anamwambia mzee kwamba utajiri umemsahaulisha alikotoka. Hapo Philip Banks hapigi wala hatukani. Anamweleza kwamba naye alikulia mtaani, kwamba alipambana na ubaguzi ambao Will hawezi hata kuuwaza, na kwamba ile picha ya Malcolm X ambayo kijana ameibandika ukutani, yeye alimsikia mtu mwenyewe akihutubia na alisoma maandishi yake yote. Will anatulia. Mzee anapoondoka, kijana anakaa kwenye piano kubwa na kupiga Beethoven, polepole, vizuri. Mzee anasimama mlangoni. Kila mmoja alikuwa hamjui mwenzake.

Hicho si kiburi cha mtoto. Ni mkubwa anayekubali kueleza maisha yake, na mtoto anayenyamaza kwa sababu ameelezwa. James Avery, aliyemcheza Philip na kufariki tarehe 31 Desemba 2013, alikuwa na miaka 44 tu wakati huo, na bado kila kizazi kinamwona kama babu wa ukoo. Nina imani darasani kwako kuna wanafunzi ambao hakuna mkubwa aliyewahi kuwajibu kwa urefu ule.

Yaya, mimi nakaa kwa muyomba wangu, quartier Golf, tangu minervali (ada ya shule) ilipomshinda mama. Rafiki zangu wananiita Prince. Lakini Prince hakuwahi kuosha gari saa kumi na moja asubuhi. Mchezo unasema ukweli au unatudanganya? (Kijana wa miaka 19)

Mdogo wangu, swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii yote.

Unatudanganya mahali pamoja, na mahali hapo ni pakubwa. Will anafika kwa akina Banks na siku hiyohiyo anapata chumba, shule ya wenye pesa, na Geoffrey, boyi wa nyumba, anayemletea chakula. Hakuna anayemhesabia sukari. Hakuna shangazi anayenong’ona kwamba watoto wa watu wanamaliza unga. Katika mji wetu mtoto aliyetumwa kwa ndugu ndiye anayechota maji, anayefungua geti usiku, anayekula baada ya wengine. Wapo wanaolelewa kwa mapenzi, nawajua wengi, lakini wengi zaidi wanalipa kitanda chao kwa mikono. Na jambo hili linagusa nyumba nyingi hapa: mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, walipoondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, wazazi wangapi waligawanya watoto kwa ndugu, huyu Likasi, yule Kolwezi, mwingine Kinshasa? Watoto hao leo ni wazazi, na ndio wanaoniandikia kuhusu Will.

Mahali ambapo mchezo unasema ukweli ni penye ubaridi wa ndani. Mtoto wa kupokelewa anachekesha sana. Umeshaona? Anakuwa mchangamfu kuliko watoto wa nyumba, anajifunza mapema nani akikasirika anatulizwa kwa mzaha gani. Will anafanya hivyo kwa sehemu 148, na ukiangalia ukiwa mtu mzima unagundua kwamba mzaha wake ni kodi ya nyumba.

Halafu ipo sehemu ya Mei 1994 ambayo baba yake, Lou, dereva wa lori, anarudi baada ya miaka 14 ya kutoonekana. Ben Vereen ndiye anayemcheza. Lou anaahidi kumchukua Will wasafiri pamoja; Will anafunga mizigo, anamnunulia zawadi, sanamu ya baba na mtoto. Lou analeta udhuru, anaondoka peke yake. Will anaanza kucheka. Anamhesabia Tonton Phil yote aliyojifunza bila baba: kurusha mpira, kunyoa ndevu, kupigana, sikukuu 14 za kuzaliwa bila hata kadi. Sauti inapanda, mikono inarushwa, na watu studioni, wale waliokuwa wakicheka kila nukta, hawatoi hata kikohozi. Kisha inavunjika. Anauliza kwa nini baba yake hamtaki. Tonton Phil hana jibu. Anamvuta na kumkumbatia, na kamera inaondoka kwao kwenda kwenye ile sanamu.

Hakuna kijana niliyemwonyesha sehemu hiyo akashika simu. Umeniuliza kama mchezo unasema ukweli: hapo unasema. Na kuhusu gari la muyomba, jambo moja la kidugu. Tafuta siku ambayo amepumzika, mwombe akueleze yeye mwenyewe alikaa kwa nani akiwa na miaka 19. Watu wengi wa Golf hawakuzaliwa Golf.

Kwa nini Tantine Viv anabadilika ghafla na kila mtu anajifanya haoni? (Mwanamke, Katuba)

Janet Hubert alimcheza kwa misimu mitatu. Hawakuelewana na Will Smith, mkataba mpya hawakukubaliana, na kuanzia 1993 nafasi ikachukuliwa na Daphne Maxwell Reid. Hubert na Smith walikuja kukaa na kuzungumza mbele ya kamera mwaka 2020, na Smith akakiri kwamba hakumjali wakati mama huyo alipokuwa akipitia magumu.

Daphne ni mwigizaji mzuri, lakini mimi nilipoteza mtu. Viv wa kwanza alikuwa profesa, mweusi wa kung’aa, anacheza dansi kuliko mabinti wa miaka 20, na mumewe akikosea anamwambia papo hapo. Viv wa pili ana rangi nyepesi zaidi na maneno machache zaidi. Wasichana wa hapa wanaopita kila siku mbele ya meza za krimu za kujichubua wanaiona tofauti hiyo bila kuelekezwa. Anzeni nao na misimu ya kwanza.

Kuna sehemu ambayo Will na Carlton wanakamatwa na polisi. Mwalimu wetu amesema ni mambo ya Wamarekani, hayatuhusu. Kweli? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU)

Ni ya Oktoba 1990. Vijana wawili wanaendesha Mercedes ya mwenzake Tonton Phil kazini, polisi wanaona vijana weusi ndani ya gari la bei, wanawafunga kwa wizi. Miezi mitano baadaye, Machi 1991, polisi wa Los Angeles hiyohiyo walimpiga Rodney King, dereva mweusi, na dunia ikaona video. Kwa hiyo ndiyo, ni mambo ya kwao, ya rangi na ya historia yao, na mwalimu wako ana haki kusema tusiyachanganye na yetu.

Ila mwisho wake unamhusu kila mtu. Carlton, mtoto aliyekulia kwenye raha, anashikilia kwamba polisi walifanya kazi yao tu: gari lilikwenda polepole mno. Anamuuliza baba yake, kama ungekuwa polisi, usingelisimamisha? Philip anamjibu kwamba naye alijiuliza hivyo siku ya kwanza aliposimamishwa, kisha anaondoka. Carlton anabaki peke yake sebuleni na kujisemea kwamba yeye angelisimamisha. Mtoto anayeitetea sheria hata inapomwonea, kwa sababu haijawahi kumgusa: huyo anapatikana Lubumbashi pia.

Sisi hatuna familia yetu ya televisheni? (Babu, commune Kenya, hapa Lubumbashi)

Babu, wewe unaijua kuliko mimi: Mufwankolo na kikundi chake. Redioni na kwenye televisheni walicheza bibi na bwana, pombe, mshahara, wakwe, kwa Kiswahili chetu hiki cha lupango. Hawakuwa na karatasi ya kukariri. Walikubaliana kisa, kila mtu akatafuta maneno yake. Mwaka 1986 walifika hadi kucheza kisa cha mamlaka na jinsi yanavyoliwa, chini ya utawala wa Mobutu, wakati wengi walikuwa wananong’ona tu. Wenye kanda za zamani nyumbani, nawasihi, zipelekeni kwa vijana wanaojua kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaoza.

Na ile mpya ya Bel-Air, isiyo na vicheko? Na mwisho, nianze na sehemu zipi nyumbani? (Mzazi, Ruashi)

Ile mpya ilianza 2022. Ni hadithi ileile bila utani: madawa, bunduki, Carlton mwenye maumivu. Imefanywa vizuri, lakini ni ya watu wazima. Watoto wakilala ndiyo muiweke.

Ya zamani, anza na sehemu ya kwanza, halafu ile ya polisi. Ile ambayo Will anapigwa risasi kwenye mashine ya kutolea pesa, na ile ya Carlton kumeza vidonge, ziacheni hadi mdogo afikishe miaka 12 hivi. Sehemu ya Lou iwe ya mwisho, na msiiweke usiku ambao umeme unayumba, maana ukikatika kabla ya dakika tano za mwisho watakuwa wamemwona baba mchangamfu aliyerudi na ahadi, basi.