Maswali yenu: uzi wa noti, kadi ya kivuko na daftari la wakala

Nimetumiwa sauti WhatsApp kwamba ule uzi unaong'aa kwenye noti ya elfu kumi ni antena, serikali inaona hela ilipo. Kweli? (Mama lishe, Tandale)

Si kweli, mama. Uzi ule ni wa kumkamata mwenye noti bandia. Ila uvumi huu una mzizi. Mwaka 2001 ziliandikwa habari kwamba Benki Kuu ya Ulaya inafikiria kutia chipu za redio kwenye yuro ifikapo 2005, na Hitachi ya Japani ilikuwa na chipu ya milimita 0.4 tu kila upande. Miaka ikapita, yuro haina chipu. Na hata ingekuwa nayo, chipu hizo hazina betri: hupata nguvu kwa mashine inayozisoma, tena iwe karibu. Noti uliyoifunga kwenye pindo la kanga haiongei na setilaiti.

Mume wangu anataka kuzipitisha kwenye maikrowevu aue chipu. (Sinza)

Shemeji asithubutu! Marekani mwaka 2004 watu walichoma dola 20 hivyo hivyo, wakasema chipu imelipuka. Wino na uzi vyenye madini hupata moto, basi. Atabaki na majivu.

Mbona 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilikusanya noti za zamani? (Kariakoo)

Zilikuwa za 1985 hadi 2003, pamoja na mia tano ya karatasi ya 2010. Uchakavu, kaka.

Basi nani anaona hela zangu? (Kigamboni)

Hapo ndipo penye swali. Chipu unayoiogopa kwenye noti iko kwenye kadi unayogusisha getini pale kivukoni, nayo inaacha kumbukumbu ya safari. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, na kila muamala una saa na jina. Halafu kuna lile daftari la wakala wa pesa za simu, limeachwa wazi mezani, jina, namba na kiasi. Mimi niliandikwa asubuhi, jioni nikapata ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", wameniita kwa jina langu kamili! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Mwambie wakala alifunge daftari, usione haya.

Kwa hiyo nirudishe hela chini ya godoro? (Manzese)

Panya wa Manzese nawajua mimi.