Maswali na Majibu: Dawa za kisukari na unene katika mitishamba ya Kichina

Mimea inayotumika China ni maelfu. Watafiti wanajuaje waanzie wapi?

Mara nyingi huanzia kwa mgonjwa. Mzizi wa huanglian, wenye rangi ya njano iliyokolea na uchungu mkali, umetumika huko kwa karne nyingi kutibu kuhara. Katika miaka ya 1980, madaktari waliowapa wagonjwa wa kisukari berberini, kemikali itokanayo na mzizi huo, ili wapone kuhara, waliona sukari ya damuni nayo ikishuka. Dokezo la namna hiyo ndilo lenye thamani, kwa kuwa maabara hupata kemikali moja ya kupima, yenye kipimo kinachojulikana. Mwaka 2004 watafiti wa Beijing walionyesha kwamba berberini huongeza vipokezi ambavyo ini huvitumia kunasa lehemu (kolesteroli) mbaya, kwa njia tofauti na ile ya statini, dawa za kawaida za kushusha lehemu. Mwaka 2008, katika jaribio la miezi mitatu mjini Shanghai, ilishusha sukari kwa kiwango kinachokaribiana na cha metformini, dawa ya kawaida ya kisukari.

Mbona basi haijachukua nafasi ya metformini?

Jaribio hilo lilikuwa na wagonjwa 36 tu. Zaidi ya hayo, sehemu ya berberini inayofika kwenye damu haifikii hata asilimia 1 ya ile iliyomezwa, na ndiyo maana wanakemia wanahangaika kuibadili umbo ili utumbo uipokee vizuri zaidi.

Nataka kupunguza uzito. Je, mitishamba hii ni salama kwa kuwa ni ya asili?

Hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotumia vidonge vya kupunguza uzito katika kliniki moja ya Ubelgiji waliharibika figo, baada ya mmea mmoja wa Kichina kuchanganywa na mwingine wenye jina linalofanana nao, wenye asidi ya aristolokia, ambayo pia husababisha saratani. Selastroli nayo, kemikali iliyowapunguzia panya wanene uzito kwa hadi asilimia 45 katika utafiti wa 2015, hutoka kwenye mmea wenye sumu.

Ninatumia metformini. Naweza kuongeza berberini?

Usianze kabla ya kuzungumza na daktari wako, maana berberini huingilia namna ini linavyovunja dawa nyingine. Mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse kabisa: inaweza kuzidisha umanjano wa ngozi na macho wa mtoto mchanga hadi kumdhuru ubongo.