Keria haina pa kufungwa: nibebeje hema kwenye baiskeli ya mbio?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya mbio yenye fremu ya alumini, foku (uma wa mbele) ya kaboni, spoku 20 mbele na 24 nyuma, na tairi za 700x25. Mwezi wa saba nataka kwenda nayo kutoka Moshi hadi Lushoto, njiani nilale kwenye hema. Nimeshanunua keria na mabegi mawili ya pembeni, ila fremu haina matundu ya kuifungia. Fundi wa mtaani kwetu anasema atatoboa. Rafiki yangu anasema nibebe kila kitu mgongoni. Nimsikilize nani? Nina kilo 78. (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba. Usimsikilize yeyote kati yao, na drili isiiguse fremu hiyo. Mabomba ya alumini ya baiskeli za mbio hufanywa membamba katikati na manene kidogo kwenye maungio ili kupunguza uzito. Ukitoboa, umeanzisha ufa, na alumini ikichoka huwa haikupi dalili nyingi kabla ya kukatika.

Mgongoni nako hapana. Mzigo ukiubeba wewe haujapungua hata gramu. Umehamia kwenye makalio, kiuno na viganja. Ukifika Same shati limelowa, na shingo imekaza kiasi kwamba kugeuka kuangalia lori linalokuja nyuma ni shida.

Keria, kama risiti bado unayo, irudishe. Zipo keria zinazofungwa kwenye ekseli badala ya fremu, lakini hazitakuondolea tatizo la kisigino. Chukua futikamba upime kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi katikati ya krenki (mahali mikono ya pedali inapozungukia). Baiskeli nyingi za mbio zina milimita 405 hadi 415, wakati za safari huwa na 440 hadi 460. Hizo sentimita tatu nne ndizo nafasi ya mguu wako. Ukifunga mabegi ya pembeni, kila ukikanyaga kisigino kinagonga begi. Ukiyasogeza nyuma yasigongwe, uzito unapita nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi, na ukisimama kukanyaga mlimani baiskeli inacheza yenyewe.

Tuseme kisigino kimepona. Bado kuna gurudumu la nyuma, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Watu huhangaika na keria na mabegi. Mimi nikiletewa baiskeli ya namna hii kwa safari naanza na spoku. Wauza mkaa hupakia magunia kwenye Phoenix na kufika salama kwa sababu fremu ni chuma kizito na gurudumu limejaa spoku. Baiskeli za mtindo huo, zile za zamani za Uingereza, zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma. Wewe una 24. Spoku huchoka kwa kukazwa na kulegea kila gurudumu linapozunguka, na hukatikia pale zilipokunjwa kuingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Ukiwa na spoku 36, moja ikikatika unaweza kujivuta polepole hadi mji unaofuata. Ukiwa na 24, rimu inapinda palepale na kuanza kukwaruza breki.

Kwa hiyo leo jioni geuza baiskeli magurudumu juu. Bana spoku kwa vidole mbili mbili, zunguka gurudumu lote, halafu zigonge moja moja kwa ukucha. Za upande mmoja zinatakiwa kutoa mlio unaokaribiana. (Usilinganishe upande wa gia na upande wa pili, wa gia hukazwa zaidi, na mlio wake uko juu.) Ukikuta moja inalia nzito kama imelala, usiikaze peke yake, maana rimu itavutika upande. Peleka kwa fundi mwenye stendi ya kunyooshea magurudumu.

Hela ikiruhusu, fungisha gurudumu la nyuma la spoku 32 kabla ya kununua begi lolote. Isiporuhusu, beba spoku tatu za akiba zenye urefu unaolingana na zako. Za upande wa gia na za upande wa pili mara nyingi hupishana kwa milimita kadhaa. Beba pia ufunguo wa nipeli (vijinati vya kukazia spoku) na kifungulio cha kaseti (rundo la gia za nyuma), kwa kuwa spoku ya upande wa gia haipiti mpaka kaseti itoke.

Sasa mzigo wenyewe. Lenga kilo 8, maji ukiyaweka kando. Hema la mtu mmoja kilo moja na nusu, mkeka wa kupuliza nusu kilo, mfuko wa kulalia kilo moja, na kinachobaki ni nguo, vifaa na chakula kidogo. Mfuko wa kulalia usiuache eti kwa kuwa Moshi umezoea kulala na shuka. Lushoto mwezi wa saba usiku ni baridi kweli. Jiko ndilo la kuacha. Barabara hiyo haikosi chai, chapati na wali maharage, na jiko, sufuria na mafuta yake ni kilo nzima ya kujitesa.

Gawa mzigo sehemu tatu, vyote kwenye mstari wa baiskeli, pasiwe na kitu kinachotokeza pembeni. Hema na mkeka vizungushe kama bomba ufunge mbele ya usukani. Pima kwanza nafasi iliyo kati ya mikunjo ya usukani, kwa sababu fito za hema mara nyingi huwa na sentimita 40 na zaidi, na kwako huenda zisienee. Zitoe, zifunge peke yake kando ya bomba la juu. Mbele pasizidi kilo tatu. Kisha kunja usukani kulia na kushoto huku ukibonyeza breki: waya zikibanwa na mzigo, breki zitakuwa nzito na gia zitaanza kuruka.

Chini ya siti funga begi refu la lita 8 hadi 10, la nguo na mfuko wa kulalia. Kizito kiingie kwanza, kikae karibu na bomba la siti, na begi ulikaze hadi liwe gumu. Likibaki na hewa litapepea kama mkia wa ng'ombe kila ukikanyaga. Kaa juu ya siti, mwenzako aangalie: kati ya begi na tairi ipite ngumi. Vyuma, chakula na vifaa vya kuziba pancha viende kwenye begi la ndani ya fremu, chini kabisa.

Mikanda ikigusa fremu au bomba la siti, zungushia kwanza kipande cha tyubu kuukuu. Vumbi chini ya mkanda linasugua kama msasa. Na usifunge kibano cha chuma kwenye foku ya kaboni, hata kama muuzaji anakuapia.

Kuna faida nyingine ya mzigo mwembamba. Kutoka Moshi barabara inaelekea kusini mashariki, milima ya Upare ikiwa kushoto kwako, na mwezi wa saba kusi linavuma. Utalipokea usoni kwa zaidi ya kilomita 200 hadi Mombo. Mabegi ya pembeni yangekuwa matanga yanayokurudisha Moshi.

Tairi weka za upana wa milimita 28 kama zinaingia na kubakiza milimita tatu au nne kila upande. Kwa uzito wako na mzigo, anza na upepo wa psi 85 hivi nyuma na 75 mbele.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na unapanda karibu mita 1,000. Krenki yenye meno 34 na kaseti yenye 28 utapanda, ila magoti yatakusimulia. Ukiweza weka kaseti yenye 32 au 34, lakini angalia kwanza kibadilisha gia cha nyuma. Shimano 105 ya R7000, kwa mfano, yenye mkono mfupi huishia meno 30, yenye mkono mrefu 34. Wakati wa kushuka usishikilie breki mfululizo. Kaza kabla ya kona, achia, kaza tena. Rimu ikichemka inaweza kupasua tyubu. Raba za breki weka mpya kabla ya kuondoka.

Mwisho, tyubu. Beba tatu zako mwenyewe. Tairi la inchi "28" utakalolikuta kwenye maduka ya njiani kwa kawaida ni la rimu ya milimita 635, na rimu yako ni 622, haliingii. Hata pampu za mafundi wa huko ni za valvu nene, kwa hiyo beba kiunganishi cha valvu nyembamba. Ni kidogo kuliko kifuniko cha soda, kifunge kwenye ufunguo wa nyumba kisipotee.