UV-B na jeni za viinitete vya urchini: usichanganye kuchelewa na kubadilika

Kiinitete cha urchini wa baharini, mnyama mwenye miiba, kikipigwa na mionzi ya UV-B (urujuanimno wa mawimbi ya kati) huchelewa kukua, na ucheleweshaji huo ndio unaopotosha vipimo vingi vya jeni. Tuseme umechukua sampuli za makundi mawili kwa saa ileile. Kundi linganishi, yaani lisilopigwa mionzi, limefika gastrula (hatua ambapo utumbo huanza kujikunja ndani), lililopigwa mionzi bado ni blastula (hatua ya kabla yake, tufe la seli lenye uwazi). Ukipima SM50, jeni inayohusika na ujenzi wa mifupa ya lava (urchini mchanga), utaiona imeshuka, nawe utaandika kwamba mionzi imeizima. Huenda haijaizima. Kiinitete hakijafikia hatua ya kuitumia, basi.

Kwa hiyo kila jaribio linahitaji sampuli za aina mbili: za saa ileile, na za hatua ileile ya ukuaji. Kabla ya kugandisha chochote, hesabu viinitete 100 chini ya hadubini na uandike vingapi viko hatua gani. Sampuli ya hatua ikiwa na chini ya 90 vilivyofika, subiri. Jeni iliyoshuka kwa saa lakini ikalingana kwa hatua imechelewa tu. Iliyotofautiana kwa vyote viwili ndiyo ya kufuatilia.

Kuchelewa kwenyewe kuna sababu. UV-B huunganisha besi zinazopakana kwenye DNA, hasa thimini mbili, na seli ikigundua hitilafu hiyo husimamisha mgawanyiko ili ipate muda wa kukarabati. Hapo ndipo zinapoingia p53 na p21, protini zinazosimamisha mgawanyiko huo. Wakati huohuo, kimeng'enya kinachonakili jeni hukwama kinapofika mahali palipoharibika. Jeni ndefu ina nafasi nyingi zaidi za kupata kasoro, hivyo huumia kuliko fupi. Orodha ya jeni ulizochagua ikiwa na ndefu na fupi, linganisha urefu wake kabla ya kutafuta maelezo ya kina zaidi.

Sasa taa. Taa za UV-B hutoa pia kiasi kidogo cha UV-C (urujuanimno wa mawimbi mafupi zaidi), ambacho baharini hakifiki kwa sababu ozoni hukizuia. Funika sahani kwa karatasi ya selulosi asetati, inayokata mawimbi mafupi kuliko nanomita 290 hivi. Karatasi hiyo huzeeka chini ya taa na kupitisha mionzi michache, hivyo ibadilishe na upime upya kila unapoanza jaribio. Kundi linganishi lisiwekwe gizani wala mezani pembeni. Liweke chini ya taa ileile, likiwa limefunikwa kwa karatasi ya poliesta inayozuia UV-B. Bila hivyo hutaweza kutenganisha mionzi na joto la taa, na HSP70, jeni inayowaka seli ikipata msongo, hupanda kwa joto pia. Pima joto ndani ya maji yenyewe, kwa sababu hewa ya chumba haikuambii kinachotokea sahanini.

Dozi ni nguvu ya mionzi mara sekunde. Kipimo kikisoma wati 0.5 kwa mita ya mraba kwenye usawa wa maji, sekunde 800 zinatoa jouli 400 kwa mita ya mraba. Anza na jouli 100, 200, 400 na 800, kisha chagua dozi inayochelewesha ukuaji bila kuua wengi. Vifo vikizidi, utakuwa unapima jeni za seli zinazokufa. Ondoa vifuniko vya plastiki, maana hupunguza UV-B. Sahani ya kipenyo cha sentimita 9 yenye mililita 15 za maji ya bahari yaliyochujwa ina kina cha milimita 2 hadi 3, na viinitete 200 kwa mililita vinatosha bila kukingiana mionzi. Zungusha sahani taratibu kila baada ya dakika chache.

Baada ya mionzi, angalia mwanga wa chumba. Kimeng'enya cha fotolaizi hutumia mwanga wa buluu na UV-A (urujuanimno wa mawimbi marefu) kutengua besi zilizoungana, hivyo taa ya kawaida ya mezani inaweza kukarabati nusu ya kazi yako bila wewe kujua. Weka sahani gizani. Kisha weka kundi moja kwenye mwanga mweupe kwa makusudi: badiliko la jeni likitoweka hapo, chanzo chake ni uharibifu wa DNA. Tunalipenda sana kundi hili, maana linajibu swali kubwa kwa gharama ya sahani moja.

Mayai ya mama mmoja yasichanganywe na ya mwingine. Kinga ya asili ya mayai, yaani misombo inayofanana na mikosporini, hutoka kwenye mwani aliokula mama, na kila mama amekula chake. Sahani tatu za mama mmoja ni rudio moja tu. Tafuta mama watatu au zaidi, na tumia mayai yaliyorutubishwa kwa asilimia 95 kwenda juu.

Kwa RNA, yai moja lina nanogramu 3 hivi, kwa hiyo viinitete 1,000 vinatosha hata ukipoteza nusu. Safisha DNA iliyobaki kwa DNeizi, kimeng'enya kinachokata DNA. Vianzishi vya PCR (vipande vya DNA vinavyoonyesha sehemu ya kunakiliwa na kupimwa) vilenge vipande vifupi, besi 80 hadi 150, kwa kuwa UV huharibu RNA pia na kipande kirefu huonekana kimepungua kuliko hali halisi. Jeni rejea, yaani zile zisizotarajiwa kubadilika ambazo nyingine hulinganishwa nazo, zijaribiwe kwanza chini ya UV, angalau tatu.

Katika saa za mwanzo, RNA nyingi iliyomo ni ya mama. Kiasi kikishuka hapo, inaweza kuwa imeoza haraka zaidi, si kwamba unakili umepungua. Andaa kundi dogo lenye aktinomaisini D, inayozuia unakili. Tofauti kati ya waliopigwa mionzi na wasiopigwa ikibaki palepale, sababu itafute kwenye kuoza kwa RNA ya mama.