Chama kinajua kura yako, hakijui kazi yako

Barua za mara hii nyingi zimetoka kwa watu wa vyama vya siasa hapa Uganda, wa chama tawala wapo na wa upinzani wapo, nimetoa majina ya vyama maana malalamiko yanafanana kabisa. Nimechagua nne.

SWALI: Mzee wa safu, salamu sana. Mimi ni mhasibu, nafanya kazi kwa kampuni binafsi hapa Tororo, kadi ya chama ninayo tangu 2011. Kampeni zikifika napigiwa simu, changia mafuta, nunua tisheti, tafuta watu wa kujaza mkutano, na mimi natoa. Lakini hakuna siku hata moja mtu wa chama ameniuliza, wewe kazi yako nini? Na kila siku nasikia ofisi yetu ya wilaya hesabu haziko sawa, lisiti zimepotea, watu wanashukiana. Hizo hesabu mimi ningezinyoosha wikendi chache tu. Nianzie wapi bila watu kusema natafuta cheo? (Mhasibu, Tororo)

JIBU: Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili na imeniuma, maana watu kama wewe wako kila wilaya na wengi wameshakata tamaa wakakaa kimya. Angalia hata ile fomu uliyojaza kujiunga na chama iliuliza nini, labda jina, kijiji, simu, sahihi. Basi. Kama kazi yako haina hata mstari mmoja pale, ndio maana wanakukumbuka wakati wa kuchanga tu.

Kwanza usiende kusema "nataka kusaidia chama", hilo neno ni kubwa mno na hakuna anayejua afanye nini nalo. Enda kwa mweka hazina wa wilaya, sio kwenye mkutano mbele za watu, enda ofisini kwake umwambie: nipe lisiti na daftari za mwaka uliopita, nitazipanga, tarehe fulani nakurudishia zikiwa tayari kwa mkaguzi. Kazi moja, tarehe moja. Na una sheria upande wako, Sheria ya Vyama ya 2005 inadai kila chama kiweke hesabu, zikaguliwe, na zipelekwe Tume ya Uchaguzi, tena marekebisho ya 2010 yaliweka pesa ya serikali kwa vyama vyenye wabunge kulingana na idadi ya wabunge wao. Pesa ya umma hiyo. Wilaya ikikosa lisiti makao makuu wanabaki wanakisia, na hapo ndipo watu wanaanza kuitana wezi kumbe shida ilikuwa karatasi tu.

Habari ya cheo, mwambie huyo mweka hazina kabisa kwamba uchaguzi wa ndani unaokuja hugombei kitu. Nadhani hili ndilo linaloua vipaji kwenye vyama vyetu kuliko lingine lote, cheaman, yaani mwenyekiti, akiona mtu msomi anaingia anahesabu kiti chake kinaondoka, anamfungia mlango. Mtoe hofu mapema. Na ukifanya hiyo kazi mkalishe kando yako kijana mmoja wa ofisi ajifunze, ili mwakani ukisafiri mambo yasisimame.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi ya daftari za ofisi. Mpango wa serikali wa PDM (Parish Development Model) ulizinduliwa Kibuku Februari 2022, sio mbali na hapo kwenu, kila parish, yaani kundi la vijiji, kutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka na familia inakopeshwa milioni moja kupitia sacco, ushirika wa kuweka na kukopa. Sasa niambie, chama gani hapo Tororo kimekaa na wahasibu wake kuwafundisha wanachama wa sacco kusoma hesabu za sacco yao wenyewe? Kama chama chako kinatawala, hiyo ni njia ya kulinda mpango wako usiliwe. Kama ni upinzani, ni njia ya kusimama kwenye kaunsili ya wilaya na karatasi mkononi badala ya kelele. Mwananchi anafaidika pande zote mbili, na kwangu hilo ndilo la kwanza.

SWALI: Mzee, mimi ni katibu wa vijana Jinja. Tulifungua grupu la WhatsApp la wataalamu wa chama, kuna mainjinia, malawya, manesi, vijana wa kompyuta. Wiki ya kwanza lilichangamka, sasa ni "good morning" na matangazo ya misiba. Tumekosea wapi? (Katibu, Jinja)

JIBU: Katibu, hamkuwapa kazi, mliwapa mahali pa kukaa. Fundi ukimkalisha bila kazi ataondoka, ana mambo yake.

Chukua kalenda ya serikali uweke kando ya majina. Wilaya zinaitisha kongamano la bajeti kabla mwaka haujaisha, na bungeni makadirio ya awali ya bajeti lazima yafike kufikia tarehe 31 Desemba, bajeti yenyewe inawasilishwa kufikia tarehe 1 Aprili, inapitishwa kufikia tarehe 31 Mei, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo injinia wako umwite Oktoba, ukimwita Juni umechelewa, pesa imeshagawanywa. Mwambie barabara moja tu, ile ya kwenu inayolalamikiwa, apitie ilijengwaje na iligharimu ngapi. Karatasi zikifichwa, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2005, unaandika ombi na ofisi ya serikali ina siku 21 kukujibu. Injinia anaandika kurasa mbili kwa lugha ya kueleweka, diwani wenu anazibeba kwenye kaunsili. Na baadaye, tafadhali hili msilisahau, rudini kumwambia yule injinia diwani aliuliza nini na alijibiwa nini. Mtu anaweza kujitolea miaka bila hata maji ya kunywa kama anaona kazi yake imetumika, lakini akiandika ripoti ikaozea kwenye droo hamtamwona tena.

Malawya nao msiwaite kesi ikishaiva. Matokeo ya urais yakitangazwa, katiba inatoa siku 15 kupeleka ombi Mahakama ya Juu, na mahakama inaamua ndani ya siku 45. Siku 15 kukusanya ushahidi wa nchi nzima! Mwaka 2006, kwenye kesi kama hiyo, majaji walikubali sheria haikufuatwa vizuri, lakini kwa kura nne dhidi ya tatu wakaacha matokeo yasimame, kwa sababu hawakuridhika kwamba kasoro zilibadilisha matokeo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ushahidi unaandaliwa kabla ya kura, yaani lawya awafundishe maajenti, wale wawakilishi wa mgombea vituoni, mapema kuandika walichokiona wao wenyewe, saa ngapi, kituo gani, sio "tulisikia".

Na vijana wa kompyuta, wapeni jaribio gumu. Siku ya kura 2016 mitandao ya kijamii na hata mobile money zilizimwa, 2021 ikazimwa intaneti yote usiku wa kuamkia kura na ikakaa siku kadhaa. Kulikuwa na programu ya simu ya chama kimoja iliyotengenezwa kupokea picha za fomu za matokeo, sasa bila intaneti picha inapita wapi? Kwa hiyo swali la grupu lako liwe hili: tukizimiwa, matokeo ya kituo cha mwisho kabisa yatatufikiaje? Liweke hilo leo jioni, utaona kama watajibu salamu za asubuhi tena.

SWALI: Mimi mwalimu wa shule ya serikali, Arua. Ninaandika vizuri Kiswahili na Kiingereza na chama wananiomba niwaandikie hotuba na vipeperushi kimya kimya. Kuna ubaya? (Mwalimu, Arua)

JIBU: Mwalimu wangu, upo. Ile Sheria ya Vyama ya 2005 inawazuia watumishi wa umma, pamoja na polisi na wanajeshi, kushika uongozi wa chama, kukipigia debe au kusema hadharani mambo ya ushindani wa vyama, na wewe ni mtumishi wa umma. Kimya kimya haisaidii, siku ikijulikana mshahara ni wako, sio wa hao waliokuomba. Ukitaka kugombea ubunge katiba inakutaka ujiuzulu angalau siku 90 kabla ya uteuzi. Mwenzako wa shule binafsi hana kizuizi hicho, wapelekee jina lake kama mwenyewe yuko tayari. Na vyama nawaomba, acheni kuwaweka walimu na manesi wa serikali kwenye hatari hii, walio nje ya serikali ni wengi na hamjawauliza.

SWALI: Mzee mimi sina digrii, naendesha boda Busia, hapo stejini wananisikiliza. Wataalamu ndio wanaitwa mikutanoni, sisi tunaitwa kupiga honi. Tuna nafasi? (Boda, Busia)

JIBU: Unayo, na sisemi kukufurahisha. Mwaka 2021 kulikuwa na vituo vya kura 34,684, mgombea anaruhusiwa maajenti wawili kila kituo, yaani karibu watu elfu sabini. Kura zinahesabiwa pale pale kituoni, fomu ya matokeo inasainiwa na ajenti ana haki ya kupewa nakala. Hiyo nakala mpaka ifike kwa watu wa hesabu inahitaji mtu anayejua njia ya panya ipi inapitika mvua ikinyesha na nani pale njiani ana simu yenye chaji, na huyo ni wewe, sio profesa. Andika majina ya wenzako wa steji unaowaamini, kila mmoja na vituo anavyovifahamu, mpelekee cheaman wa chama wa gombolola (kaunti ndogo) sasa hivi sio wiki ya kura. Na mwambie wazi pesa ya mafuta itolewe kabla ya siku yenyewe, maana mobile money ikizimwa tena hamtaweza kutumiwa kitu barabarani.