Maswali na Majibu: Mashine ya kusafishia maganda ya risasi imechoka, ninunue ipi?

SWALI: Habari fundi. Naishi Texas na kujaza risasi upya ni burudani yangu ya wikendi. Kwa mwezi nasafisha maganda kama 500 ya 9 mm (ya bastola) na 150 hivi ya .223 (ya bunduki ndefu). Mashine yangu ni ile ya kutikisa, yenye bakuli na chenga za magunzi ya mahindi. Siku hizi inakwaruza, inapata moto, na maganda yamekaa palepale hayazunguki. Hata nikiiacha saa 4 nzima, yanatoka bado na weusi. Niitengeneze, ninunue nyingine kama hiyo, au nihamie zile za maji na pini za stenlesi? Gereji yangu imeungana na nyumba, na nina watoto wawili wadogo.

JIBU: Habari nzuri, ndugu. Sentensi yako ya mwisho ndiyo inayoamua mashine ya kununua, na tutaifikia. Ila kwanza hakikisha hiyo uliyo nayo imekufa kweli, maana nyingi hutupwa zikiwa na tatizo la skrubu moja.

Toa kila kitu ndani ya bakuli, kisha iwashe tupu. Ikitikisika kwa nguvu bila mkwaruzo, mota haina neno. Umeizidishia mzigo au chenga zimekwisha. Chenga zilizojaa mafuta na masizi huwa nyeusi, nzito, na hushikana mabonge. Katika mashine nzima unaona kabisa maganda yakizama na kuibuka tena. Bakuli lijae theluthi mbili hivi, chenga na maganda pamoja. Ukilijaza hadi juu, mzunguko huo unakufa hata kwa mashine mpya.

Ikikwaruza hata ikiwa tupu, chomoa waya, ipindue ufungue kifuniko cha chini. Kwenye shafti ya mota utaona kipande cha chuma kilichokaa upande mmoja. Hicho ndicho kinacholeta mtikisiko, na kimeshikwa na skrubu ndogo ya alen. Skrubu ikilegea, uzito unateleza, unagusa fremu, na nguvu yote inaishia kwenye kelele. Rudisha mahali pake, tia tone la gundi ya buluu ya kushikia nyuzi, kaza, umemaliza.

Kama skrubu imekaza, shika shafti kwa vidole uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, bushi (vile vipete ambamo shafti inazunguka) zimelika. Ikiwa haichezi ila inazunguka kwa uzito, zimekauka tu: tone moja au mawili ya mafuta ya mota za umeme kila upande, kwenye kile kipande cha sufi kinachozunguka shafti, yanaweza kuifufua. Usitumie dawa za kupuliza za kulegezea kutu. Hizo huosha mafuta machache yaliyobaki kisha zenyewe hukauka, na baada ya muda mfupi unarudi palepale. Safisha pia matundu ya hewa, kwa sababu vumbi la magunzi huyaziba na mota hukosa ubaridi.

Mashine isiyotoa sauti yoyote mara nyingi waya wake umekatikia ndani pale unapoingia kwenye kitako, kwa sababu ya kutikiswa miaka yote. Au fyuzi ya joto ya mota imeungua. Hiyo fyuzi usiiruke kwa kuunganisha waya moja kwa moja. Mashine hizi huachwa zikifanya kazi usiku, ndani yake mna magunzi makavu na mafuta ya kung'arishia, na gereji yako imepakana na vyumba vya kulala.

Bushi zilizolika, au bakuli lililopasuka pale bolti ya katikati inapopita, ni alama za kuaga. Plastiki ile haishiki gundi kwa maana, na mtikisiko huifungua tena. Mota ya kubadilisha ya mashine ya bei ya chini mara nyingi haina faida ukiilinganisha na bei ya mashine nzima mpya. Kwa dalili ulizotaja, mkwaruzo pamoja na joto, nahisi bushi zako zimekwenda.

Sasa ununuzi. Wengi huchagua kwa mng'aro, na hapo ndipo wanapokosea. Mng'aro hauongezi shabaha hata chembe. Ganda husafishwa ili mchanga na masizi visikwaruze dai ya kurekebishia (kifaa kinachorudisha ganda kwenye vipimo vyake), na ili uweze kuona nyufa. Mashine yoyote itakufikisha hapo. Tofauti kubwa ni wapi uchafu unakwenda, na uchafu wenyewe una sumu: praima nyingi za kawaida (vile vikofia vya kitakoni vinavyowasha baruti) zina kemikali ya madini ya risasi (ledi), na baada ya kulipuka mabaki yake hubaki ndani ya ganda. Mashine kavu huyageuza kuwa vumbi. Unapofungua kifuniko na kuchekecha chenga, vumbi hilo linaruka, linatua kwenye nguo na sakafu, na mtoto anayetambaa analipata mikononi na mdomoni. Watoto wa chini ya miaka 6 ndio huumizwa zaidi na madini hayo. Kwa hiyo kwako jibu ni mashine ya maji, ile ya pipa linalolala na kuzunguka. Anayeishi peke yake na kufanyia kazi kwenye banda la mbali anaweza kubaki na kavu bila wasiwasi mkubwa. Za mawimbi ya sauti hutoa uchafu vizuri hata kwenye kitundu cha praima (pale praima inapokaa), ila beseni zake za bei ya kawaida ni ndogo na haziachi mng'aro; kwa maganda 500 zitakuchosha.

Ukubwa upigie hesabu ya uzito, usiutegemee wa kwenye boksi. Ganda la 9 mm lina uzito wa kama greni 60, la .223 greni 93 hivi, na ratili moja ni greni 7,000. Maganda yako 500 ya 9 mm ni ratili 4.3, yaani karibu kilo 2. Thumler's Tumbler Model B, ambayo pia hutumiwa na wang'arisha mawe, inabeba ratili 15 kwa jumla, na mgawanyo wake wa siku zote ni ratili 5 za pini, galoni moja ya maji ambayo ni ratili 8, na ratili 2 tu za maganda. Hapo yanaingia kama 230 ya 9 mm, kwa hiyo utaiendesha mara tatu kila mwezi kabla hujagusa .223. Ni mashine ya kudumu, pipa lake la pembe sita lina mpira ndani na haipigi kelele, lakini kwa kiasi chako ni ndogo.

Ile ya Frankford Arsenal ya lita 7 inatangazwa kubeba maganda 1,000 ya .223. Piga hesabu uone: maganda hayo peke yake ni kilo 6, pini kilo 2.3, na maji yaliyojaza nafasi iliyobaki. Unaitwisha mota ndogo zaidi ya kilo 13. Inaweza, ila mkanda na magurudumu ya kuzungushia ndiyo yatakayolipa. Chukua nusu ya kinachotangazwa kuwa ndicho kiasi chako cha kila siku, na 500 zako zinaingia bila shida kwa mara moja. Kabla ya kununua, angalia kama mkanda wa akiba na gasketi za vifuniko vinauzwa peke yake, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyochakaa kwanza.

Pini ziwe na unene wa inchi 0.047 na urefu wa robo inchi hivi. Tundu la moto la maganda mengi (kijitundu kinachopitisha moto wa praima hadi kwenye baruti) ni inchi 0.080, kwa hiyo pini mbili za 0.047 haziwezi kupenya pamoja zikakwama. Za 0.041 zikipanga mbili zinafika 0.082, na hapo zinajibana kwenye tundu kama kabari. Tofauti haionekani kwa macho ila utaijua utakapokaa na koleo ukizing'oa moja moja.

Utaratibu wenyewe kwa pipa la lita 7. Tenganisha aina kwanza. Shingo ya .223 huingia mdomoni mwa 9 mm na kujibana humo pamoja na pini. 9 mm nayo huzama ndani ya .40, na .40 ndani ya .45, ambazo ni saizi kubwa zaidi za bastola. Toa praima zilizotumika kwa dai ya kutolea praima tu, isiyogusa ukuta wa ganda, kwa sababu maganda bado ni machafu. Ukiacha praima ndani, maji hujificha nyuma yake na hayakauki. Tia maganda, pini ratili 5, maji yafunike maganda ukiacha nafasi ya hewa juu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kijiko kimoja cha chakula, na asidi ya sitriki ya unga nusu kijiko cha chai. Funga, weka mashine juu ya trei kubwa mara za mwanzo mpaka uiamini gasketi. Dakika 60 hadi 90 zinatosha.

Nusu kijiko ni nusu kijiko. Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, na asidi ikizidi au ikikaa muda mrefu hula zinki ya juu, ganda likatoka na rangi ya waridi. Likitoka kijivu, mara nyingi sabuni ilikuwa kidogo au maji yalijaa uchafu. Mwaga, weka mapya, zungusha tena dakika 30. Ukiyaacha saa 4 kama ulivyozoea, midomo ya maganda inagongana na kukunjika ukingo, kwa hiyo kazi ya kukata urefu na kusafisha mdomo iache hadi baada ya kuosha.

Suuza mara tatu kwa maji safi, kisha yachekeche kwenye chombo cha kuzungusha kilicho nusu ndani ya maji ili pini zidondoke. Zilizosambaa ziokote kwa sumaku. Ni stenlesi, lakini kuvutwa zikiwa baridi kiwandani kumezipa usumaku kidogo. Kila ganda la .223 likague kwa taa, ndani na kwenye tundu la moto.

Kukausha ndiko watu wanakoharakisha, na ndiko kwenye hatari. Tone moja lililobaki linaweza kulowesha baruti. Baruti ikiwaka nusu, kichwa cha risasi hukwama kwenye mtutu, na risasi inayofuata hupasua bunduki. Kung'uta maganda kwenye taulo, kisha yatandaze juani mchana mzima, au tumia kikaushio cha chakula ambacho hakitarudi tena jikoni. Ukitumia oveni ndogo ya gereji, isizidi nyuzi 90 za Selsiasi. Kitundu cha praima hukauka mwisho, kwa hiyo hicho ndicho cha kukagua.

Utaona pia kwamba shingo iliyooshwa hivi imekuwa safi mno: kichwa cha risasi kinaingia kwa kusugua na nguvu haiwi sawa kwa kila ganda. Kwa .223, pitisha brashi yenye unga kidogo wa grafaiti ndani ya shingo.

Jambo jingine ni dawa za kung'arishia shaba za nyumbani. Nyingi zina amonia, nayo hupasua shaba iliyo chini ya mkazo. Jeshi la Uingereza huko India lililiona hilo katika karne ya 19: maganda yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi msimu wa mvua yalipasuka yenyewe shingoni, na chanzo, amonia ya mkojo wa wanyama, kilielezwa vizuri mwaka 1921. Chupa isiyoandika wazi kwamba haina amonia iache dukani. Na risasi iliyokwisha jazwa haiingii kwenye mashine yoyote, ya maji wala kavu.

Kama bushi zitakubali kufufuka, mashine ya zamani usiitupe. Baada ya maganda kupita kwenye dai, yanabaki na mafuta, na dakika 15 hadi 20 za magunzi mapya huyatoa vizuri kuliko kuosha tena. Chukua magunzi laini ya daraja la 20/40. Yale ya 14/20, yenye chenga kubwa zaidi, hujaa kwenye tundu la moto. Bakuli na kifuniko vioshe kwanza, tia vipande vya karatasi ya mashine ya kukaushia nguo vinase vumbi, na iendeshe nje ya gereji, kwa sababu bakuli la zamani halitakosa mabaki.

Vaa glavu za nitrili unapomwaga maji machafu. Usiyamwage bustanini wala kwenye sinki la jikoni. Yatie kwenye dumu lenye alama, na magunzi ya zamani kwenye mfuko uliofungwa, upeleke vyote kituo cha taka hatari za majumbani cha kaunti yako. Wapigie kwanza uwaambie ni mabaki yenye madini ya risasi, maana vituo vingine vina siku maalumu za kupokea.