Jifunze kuanguka kabla ya kupanda meli ya kayaki

Kuna safari za uvuvi zinazoondoka San Diego, Marekani, ambazo meli hubeba wavuvi pamoja na kayaki zao, vile vyombo vidogo vyembamba vya kupiga kafi, hadi visiwa vya Mexico, hasa Cedros na San Benito. Mnakula na kulala melini. Alfajiri mnashushwa majini, kila mtu na kayaki yake, na jioni mnapandishwa. Kwa anayependa kuvua, sijaona safari tamu kuliko hii.

Mimi nimekulia Kilwa, kwenye ngalawa, kwa hiyo mara ya kwanza nilitumia muda wote wa maandalizi kuchagua ndoana na chambo. Kilichonishinda hakikuwa samaki. Kilikuwa ubavu wa meli. Kayaki haina matengo ya kuishikilia, na asubuhi ile wimbi liliinyanyua wakati mguu wangu mmoja tu ndio uko ndani. Nikaanguka. Fimbo zangu mbili za kuvulia, ambazo sikuzifunga, zikazama papo hapo. Mkondo wa California hutoka kaskazini na maji yake ni baridi ya kukata pumzi. Nilijaribu mara tatu ndipo nikapanda tena, na mikono ilikuwa imeanza kufa ganzi.

Ndiyo maana nakuomba: wiki kadhaa kabla ya safari, nenda mahali palipotulia, kwa mfano ghuba ya Mission Bay hapo San Diego, ukiwa na mwenzako, ujipindue kwa makusudi. Vaa suti ya mpira na jaketi la kujiokoa utakayovaa siku yenyewe. Igeuze kayaki ikae sawa tena, lala kifudifudi juu yake huku ukipiga miguu, kisha geuka taratibu ukae. Rudia hadi mwili ufanye wenyewe. Kila kitu kifungwe kwa kamba fupi: kafi, fimbo, koleo, hata kisu.

Unaporudi melini, ngoja baharia akuite. Njoo upande wa demani, ambako meli inakukinga na upepo, na usikatize kabisa nyuma kwenye rafadha. Toa fimbo kwanza, kisha samaki, wewe mwisho.

Upepo nao una tabia yake huko. Asubuhi bahari hulala, mchana upepo wa kaskazini-magharibi huamka. Anza kuvua upande upepo unakotoka, ili ukichoka ukurudishe melini badala ya kukupeleka mbali. Redio ya VHF, ile ya mkononi ya kuwasiliana na meli, ikae kifuani, si ndani ya kayaki, maana mkitengana na kayaki haitakufaa kitu.

Kuhusu zana sina mengi. Fimbo tatu zinatosha. Samaki anayetafutwa sana ni yellowtail, wa ukoo wa kolekole, na akinasa hukimbilia miambani au kwenye misitu ya mwani, kwa hiyo uzi uwe wa kuhimili ratili 50 au zaidi.

Pasipoti usiisahau, na uliza mapema kama nauli inajumuisha leseni ya uvuvi ya Mexico. Vitu vyako viweke kwenye mfuko laini. Vyumba ni vyembamba. Kama bahari hukuchafua moyo, zungumza na daktari kuhusu vidonge, na umeze kabla meli haijang'oa nanga. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni.